Loldia, Juni 2021: shokapu moja iliyovunjika na njia yake kutoka Safari Rally hadi gari la barabarani

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021, Thierry Neuville aliingia mkondo wa Loldia (mkondo ni kipande cha barabara kinachopimwa muda), kando ya Ziwa Naivasha, akiongoza Safari Rally kwa takriban sekunde 57. Mikondo 13 kati ya 18 ilikuwa imekwisha. Ndani ya Loldia, shokapu ya nyuma upande wa kulia ya Hyundai i20 Coupe WRC yake ikavunjika, na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota akashinda kwa sekunde 21.8 mbele ya mwenzake wa timu, Takamoto Katsuta. Ott Tänak akawa wa tatu.

Ushindi wa Ogier wenyewe una doa la aina ile ile. Siku ya Ijumaa, shokapu ilimsumbua naye akapoteza takriban dakika mbili. Kwa hiyo tuna kipande kimoja cha gari, magari mawili na matokeo mawili tofauti. Gari la Ogier liliumia mapema, likafika kwa mafundi, naye akabaki na siku mbili za kufidia. Gari la Neuville liliumia katikati ya mkondo wa siku ya mwisho, mahali ambapo ni dereva na mwelekezi wake tu wanaoruhusiwa kugusa gari, tena kwa vipuri na zana walizobeba wenyewe. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinaonyesha waziwazi jinsi barabara mbovu inavyomfundisha mhandisi kitu ambacho maabara haikumfundisha.

Uwanja wenyewe

Safari ilikuwa haijawa kwenye ubingwa wa dunia tangu 2002. Ilipangwa irudi 2020, UVIKO ikaizuia. Iliporudi 2021 haikuwa ile ya zamani ya maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi kwa magari mengine. Ilikuwa na mikondo iliyofungwa, jumla yake karibu kilomita 320. Wengi walidhani ukali umekwisha. Siku tatu zikajibu: Elfyn Evans aligonga jiwe akatoka Ijumaa, Kalle Rovanperä akazama kwenye vumbi la mkondo wa Kedong akiwa anaongoza, na Tänak akalazimika kusimama ndani ya mkondo Jumamosi kwa sababu kioo cha mbele kilijaa ukungu mvua iliponyesha.

Udongo wa bonde la Naivasha umetokana na majivu ya volkano. Juu kuna vumbi laini sana, lile madereva wanaloliita fesh-fesh, na chini yake kuna mawe. Magari yanapopita mara ya kwanza hulisomba vumbi hilo. Mara ya pili mawe yamejitokeza na mitaro imechimbika, na daftari la mwelekezi, analomsomea dereva njia, liliandikwa kabla hayo hayajatokea. Isitoshe, majivu ya volkano yana chembe za kioo ndani yake, na kwa sili ya shokapu (raba inayozuia oili isitoke) chembe hizo ni msasa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kanuni za ubingwa wakati huo zilizikataza timu kufanya majaribio nje ya Ulaya. Zamani timu za viwanda zilikuja Kenya wiki nyingi kabla, zikavunja magari ya mazoezi, zikarekebisha, zikavunja tena. Mwaka 2021 walikuja na makisio waliyoyafanyia kazi kwenye changarawe za Ulaya.

Shokapu inafanya nini hasa

Watu husema shokapu hubeba gari. Hapana. Springi ndiyo inayobeba gari na kuhifadhi nguvu ya pigo. Shokapu inaiua nguvu hiyo kwa kulazimisha oili ipite kwenye vali nyembamba, na nguvu iliyouawa inageuka joto. Hakuna mahali pengine inapokwenda.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Chukua shokapu inayomeza wati 1,000 kwa wastani kwenye mkondo mbaya wa dakika 15. Hizo ni sekunde 900, kwa hiyo kilojuli 900. Lita moja ya oili pamoja na kilo sita hivi za chuma na alumini huhitaji takriban kilojuli 5 kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Kama joto lote lingebaki ndani, shokapu ingepanda nyuzi 180 kabla mkondo haujaisha. Upepo huondoa sehemu ya joto hilo, lakini shokapu iliyo ndani ya tao la gurudumu, imevikwa koti la vumbi, haipati upepo wa kutosha. Mkondo wa Kedong mwaka huo ulizidi kilomita 30. Joto linapanda, oili inakuwa nyepesi, nguvu ya kuzuia inapungua, gurudumu linaanza kufika mwisho wa safari yake ya kupanda na kushuka. Hapo ndipo vyuma vinaanza kuumia.

Inavyokufa

Gari la WRC, yaani la ubingwa wa dunia wa rali, lina mguu wa aina ya MacPherson kwenye pembe zote nne. Maana yake shokapu hainyonyi mapigo tu, bali pia ni sehemu ya muundo unaolishika gurudumu. Kila pigo la pembeni linataka kuipinda. Ndiyo maana shokapu hizi hugeuzwa juu chini: badala ya rodi nyembamba kubeba mzigo wa pembeni, bomba kubwa ndilo linaloteleza ndani ya nyumba yake likishikwa na bushi mbili. Bomba la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3 hukataa kupinda zaidi ya mara 10 ya rodi kamili ya milimita 22, chuma kikiwa kile kile. Ni ubunifu mzuri sana, ila unaleta udhaifu wake: bushi zinategemea grisi, na fesh-fesh ikipenya, grisi na vumbi vinakuwa tope la kusagia.

Udhaifu wa pili ni mahali gurudumu lilipo wakati pigo linakuja. Gari likiruka, gurudumu huning'inia na shokapu inakuwa imenyooka yote. Kwenye muundo ambao bushi moja husogea pamoja na bomba, umbali kati ya bushi ya juu na ya chini unapungua. Ukishuka kutoka milimita 200 hadi 120, mzigo kwenye kila bushi kwa pigo lile lile la pembeni unaongezeka kwa theluthi mbili. Kwa hiyo jiwe ambalo gari lililotulia lingelipanda bila shida linaweza kuvunja mguu wa gari linalotua likiwa limeelekea upande.

Udhaifu wa tatu ndio ninaoona unadharauliwa kuliko yote: kunyooka. Kila mtu huwaza kugonga chini. Lakini gurudumu likidondokea kwenye shimo kwa kasi, gurudumu, tairi, breki na nakoli (kipande kinachoshika gurudumu), zaidi ya kilo 40 kwa pamoja, huanguka na kusimamishwa ghafla na kizuizi kilicho ndani ya shokapu. Nguvu yote inavuta nati ya pistoni. Nati ikilegea au uzi ukikatika, rodi inachomoka, na dereva hana tena shokapu bali ana springi inayorukaruka.

Halafu kuna kifo cha polepole. Sili ikikwaruzwa, oili huvuja na shinikizo la gesi ya naitrojeni inayoibana linapungua. Bila shinikizo, oili hutoa mapovu nyuma ya pistoni, na mapovu hayazuii chochote. Shokapu inakuwa laini, gurudumu linagonga mwisho mara nyingi zaidi, na mzigo uliopaswa kumezwa na oili unahamia kwenye mauntingi ya juu (kifungio cha shokapu kwenye bodi), bolti na bodi.

Ukitazama mlolongo huo utaona kwa nini ni vigumu kusema pigo gani lilivunja shokapu ya Loldia. Chuma huchoka kwa mkusanyiko. Kwa kipande cha chuma kisicho na mchomeleo, wahandisi mara nyingi hutumia kipeo cha 5: mkazo ukizidi kwa asilimia 20, umri unagawanywa kwa 1.2 kwa kipeo cha 5, yaani karibu 2.5. Kwa sehemu iliyochomelewa kipeo ni 3 hivi, na umri unagawanywa kwa 1.7. Kosa dogo la kukisia ukali wa barabara linazaa kosa kubwa la kukisia umri wa kipande. Timu iliyokadiria mapigo ya Naivasha kwa upungufu wa moja ya tano haikukosea kwa moja ya tano. Ilipoteza zaidi ya nusu ya uhai wa chuma chake.

Wanachorudi nacho nyumbani

Thamani ya kisa kama hiki iko kwenye data. Kila pembe ya gari la rali inaweza kufungwa kipimo cha mwendo wa gurudumu, kinachosomwa mamia ya mara kwa sekunde, na kompyuta huhifadhi yote. Baada ya mbio, mhandisi ana rekodi kamili ya barabara kama gurudumu lilivyoiona. Rekodi hiyo hupelekwa kwenye mtambo wenye nguzo nne za haidroliki, gari likawekwa juu, na Kedong ikachezwa upya usiku na mchana bila dereva. Mapigo hupangwa kwa ukubwa na kuhesabiwa: mangapi madogo, mangapi ya kati, mangapi ya kufika mwisho. Kwa kawaida mapigo makubwa ni machache sana ukilinganisha na mengine, lakini kwa sababu ya kile kipeo cha 5 ndiyo yanayokula sehemu kubwa ya umri. Kwa hiyo mhandisi hahitaji kuimarisha kila kitu. Anahitaji kuyapunguza makali mapigo yale machache, na njia ya kawaida ni kizuizi cha haidroliki: sentimita chache za mwisho, oili hupita kwenye tundu jingine dogo zaidi, na pigo linamezwa badala ya kugongeshwa.

Mwaka 2022 kazi ikawa ngumu zaidi. Magari ya Rally1, daraja jipya la juu la ubingwa, yalikuja na mtambo wa hibridi (injini pamoja na mota ya umeme), uzito wa chini ukapanda kutoka kilo 1,190 hadi 1,260, na safari ya gurudumu ikawekewa ukomo wa milimita 270. Tuseme gari la zamani lilitumia milimita 300. Uzito umeongezeka kwa asilimia 6, nafasi ya kusimamisha pigo imepungua kwa asilimia 10. Wastani wa nguvu inayohitajika kusimamisha pigo lile lile unapanda kwa karibu asilimia 18. Kwenye mazingira hayo Toyota ilimaliza Safari ya 2022 ikiwa na nafasi ya kwanza hadi ya nne: Rovanperä, Evans, Katsuta na Ogier. Ikarudia hivyo 2023, safari hii Ogier akiwa mbele. Sidhani siri ilikuwa kasi. Magari manne ya timu moja kumaliza mfululizo kwenye barabara ya namna hii ni kazi ya watu waliosoma vizuri data ya mwaka uliotangulia.

Je, inafika kwenye gari linalouzwa?

Hapa panahitaji ukweli, kwa sababu matangazo ya biashara hupenda kuruka hatua. Gari la Rally1 lina fremu ya mabomba ndani ya umbo la gari la dukani. Hakuna bolti ya Rally1 utakayoikuta kwenye Yaris ya mjini. Zamani umbali ulikuwa mfupi. Datsun za familia ya Violet, 160J na Violet GT, alizoshinda nazo Shekhar Mehta mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na Peugeot 504 iliyoshinda 1975 na 1978, zilikuwa ndugu wa karibu wa magari yaliyouzwa Nairobi na Dar es Salaam. Udhaifu uliojitokeza kwenye rali ulikuwa udhaifu wa mteja.

Leo njia imepinda kidogo, inapitia Rally2, daraja ambalo kanuni zake zinalazimisha kutumia bodi ya gari linalotoka kiwandani. Hapo bodi ya gari la mteja ndiyo msingi wa bodi ya gari la mashindano. GR Yaris ni mfano mzuri. Ilizinduliwa Januari 2020 ikiwa na injini ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 1,618, ikajengwa tangu mwanzo kwa kufikiria mashindano. Januari 2024 Toyota ilitangaza toleo lililoboreshwa kutokana na mafunzo ya mashindano. Vyombo vya habari vilishika habari ya nguvu ya injini, farasi 304. Mimi ningeanzia kwingine: bolti zinazofunga shokapu za mbele kwenye bodi ziliongezwa kutoka moja hadi tatu. Sehemu za kuchomelea bodi zikaongezwa kwa asilimia 13 hivi, na gundi ya muundo kwa asilimia 24 hivi. Sehemu ya chini ya bampa ya mbele ikagawanywa vipande, ili kikivunjika kimoja ubadilishe hicho tu.

Bolti tatu badala ya moja zina maana gani? Bolti moja ya katikati huruhusu kichwa cha shokapu kuyumba kidogo gari linapokata kona au kugonga. Pembe ya gurudumu inabadilika bila dereva kuiomba, na mzigo wote unapita kwenye eneo dogo la bati. Tatu zinausambaza. Badiliko hili halikutokana na kisa cha Loldia, ambacho kilikuwa cha gari la kampuni nyingine. Lakini ni jibu kwa swali lile lile: pigo ambalo oili haikulimeza linaishia kwenye bati gani?

Kwa mwenye gari la kawaida kwenye barabara ya vumbi

Probox, IST na Wish zote zina miguu ya MacPherson mbele, ya familia moja na ile ya gari la rali, ila rodi ni nyembamba na haijageuzwa. Kwa hiyo magonjwa ni yale yale, yanakuja taratibu zaidi.

Kwenye barabara yenye mawimbi madogo kama bati la mgongo, umbali kati ya wimbi na wimbi mara nyingi ni sentimita 70 hivi. Ukienda kilomita 30 kwa saa, gurudumu linapigwa mara 12 kwa sekunde, na hiyo iko ndani ya masafa ya asili ya gurudumu lenyewe, kati ya 10 na 15. Ndiyo maana gari linatetemeka vibaya kwenye mwendo huo. Kwa kilomita 60 mapigo yanakuwa 24 kwa sekunde, gurudumu halipati muda wa kushuka mashimoni na gari linatulia. Lakini tairi linagusa ardhi kwa vipindi, breki na usukani vinapungua, na oili ya shokapu inazidi kuchemka. Mwendo salama zaidi ni chini ya kilomita 20, au upunguze upepo kidogo kwenye tairi na ukubali kufika umechelewa.

Kupima shokapu, ile mbinu ya kubonyeza gari na kuona linarukaje haisemi mengi. Inashika shokapu iliyokufa kabisa tu. Bora upime joto. Endesha dakika 15 hadi 20 kwenye barabara mbovu, simama, pima mwili wa kila shokapu kwa kipimajoto cha miale, au kwa mgongo wa mkono kwa tahadhari. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Iliyo baridi kuliko mwenzake kwa nyuzi 10 hadi 15 haifanyi kazi, maana hakuna nguvu inayoua. Angalia tu kwamba bomba la moshi halipiti karibu na mojawapo na kukudanganya.

Kisha tazama sili. Utando mwembamba wa oili uliokamata vumbi juu ni kawaida. Oili iliyotiririka ikapita nusu ya mwili ni ya kubadilisha. Mpira wa kukinga vumbi ukiwa umechanika, usisubiri: rodi inapata vumbi kila inapotembea, na ukipitisha kucha ukahisi mkwaruzo kwenye kromu, sili mpya haitadumu. Raba ya kuzuia mgongano ikiwa imemong'onyoka, mauntingi ndiyo yanayopokea pigo. Kagua bati la juu linaposhikia. Rangi iliyopasuka kwa duara kuzunguka nati ni dalili kwamba bati limeanza kuchoka.

Makosa ya kufunga huua shokapu mpya nyingi. Fundi akishika rodi kwa koleo ili akaze nati ya katikati kwa bunduki ya upepo, ameikwaruza kromu kabla gari halijatoka gereji. Ishikwe kwa ufunguo kwenye kichwa chake. Shokapu ya bomba mbili iliyolazwa dukani huwa na hewa kwenye chumba cha kazi, kwa hiyo isimamishe wima na uivute na kuishindilia taratibu mara 3 hadi 5 kabla ya kuifunga. Badilisha mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa kwenye jeki, raba inabaki imejipinda muda wote na inachanika mapema. Baada ya kilomita 500 za vumbi, rudisha ufunguo wa kupima nguvu kwenye nati za juu.